Kuonja pu-erh ya miaka mingi, maji kwa maji

Anayekamua nazi anajua tui la kwanza ndilo zito. Chai ya pu-erh iliyokaa miaka mingi huenda kinyume. Majani yaleyale hutiwa maji ya moto mara nyingi: maji ya kwanza unayamwaga, na chai yenyewe huanza kujitokeza kwenye maji ya tatu. Tafadhali usiihukumu kwa kikombe kimoja.

Chai hii hutoka jimbo la Yunnan, kusini-magharibi mwa China, kwa majani mapana ya asamika, aina ya mchai iliyo ndugu wa chai ya Kericho. Kuna shou, ambayo hulowanishwa na kuvundikwa kwenye marundo kwa wiki kadhaa, njia iliyoanza kutumika viwandani miaka ya 1970. Na kuna sheng, ambayo hushindiliwa, mara nyingi iwe duara kama mkate, na kuachwa ikomae polepole. Hapa nazungumzia sheng ya miaka 15 kwenda juu.

Hatua ya 1. Duara zima kwa kawaida lina gramu 357. Penyeza kisu chembamba ubavuni, uinue tabaka taratibu ili majani yasisagike. Pima gramu 7 kwa bakuli lenye mfuniko la mililita 100.

Hatua ya 2. Pasha bakuli kwa maji yanayochemka, uyamwage, tia majani makavu, funika, tikisa kidogo, kisha funua na unuse. Hapa usiharakishe. Iliyohifadhiwa vizuri hunukia mbao kavu, wakati mwingine kafuri. Harufu ya udongo baada ya mvua si kasoro. Mara nyingi hupungua ukishasuuza. Lakini ikikukaba koo kama godoro lililolowa, au ukiona manyoya ya ukungu katikati ya majani, itupe, hata kama uliinunua ghali. Niliwahi kuipuuza harufu hiyo kwa sababu ya bei niliyolipa. Kila kikombe kilikuwa na ladha ya ukungu.

Hatua ya 3. Mimina maji yanayochemka, hesabu sekunde 5, mwaga. Acha majani yafunikwe dakika mbili yalainike kwa mvuke.

Hatua ya 4. Maji ya pili hadi ya tano, sekunde 10 kila mara. Baadaye ongeza: 15, 20, 30, na kufikia maji ya kumi, dakika nzima. Kila mara mimina mpaka tone la mwisho, maana maji yanayobaki chini huendelea kuchota uchungu.

Hatua ya 5. Vuta funda dogo pamoja na hewa, lizungushe mdomoni, umeze, halafu toa pumzi puani. Ngoja. Utasikia ukakasi pembeni mwa ulimi, kama wa ndizi isiyoiva. Chai iliyokomaa huuachia ukakasi huo upesi, na utamu ukapanda kutoka kooni. Wachina huuita hui gan. Mimi huutafuta kwenye maji ya nne na ya tano, na huwa sinywi kingine mpaka upite. Ukakasi ukiganda ulimini, chai bado changa au umeiloweka mno: punguza sekunde, ujaribu tena. Nusa pia kikombe kitupu kikiwa bado na joto.

Hatua ya 6. Ladha ikififia, tandaza majani kwenye sahani nyeupe. Ya sheng iliyotunzwa vizuri hukunjuka, yana rangi ya hudhurungi, na ukiyavuta hunyumbuka. Yakiwa meusi, magumu, yamegoma kufunguka, huenda yalikaa penye unyevu mwingi mno, au uliuziwa shou.