Somo: Kumaliza kesi ya jinai mapema bila kukaangwa kwa mafuta yako mwenyewe

Anayeshtakiwa kwa mara ya kwanza huuliza jambo moja tu: naimalizaje haraka? Inawezekana, ila ina mpangilio wake.

Hatua ya 1. Taja jina na anwani. Mengine yasubiri wakili.

Hatua ya 2. Omba hati ya mashtaka na maelezo ya mashahidi, uyasome mstari kwa mstari. Tarehe, mahali, thamani ya mali, nani alikamata, kielelezo kilitunzwa na nani. Hapa usione uvivu. Niliwahi kukaa na kijana aliyedaiwa kukiri polisi: kurasa tatu, sahihi yake iko kwenye ya mwisho tu, na zile mbili za mwanzo ndiyo kwanza alikuwa anaziona. Na kesho yake alikuwa tayari kukiri mahakamani, eti yaishe!

Hatua ya 3. Ushahidi ukiwa dhaifu, wakili amwandikie mwendesha mashtaka, aonyeshe tundu lilipo na kuomba shtaka liondolewe. Kwa Kenya, ibara ya 157 ya Katiba ya 2010 inamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma azingatie kuzuia matumizi mabaya ya sheria, barua iitaje. Ila shtaka kuondolewa si kushinda. Likiondolewa kabla hujaitwa kujitetea, mara nyingi linaweza kurudi.

Hatua ya 4. Ushahidi ni mzito na kosa ulilitenda? Hapo ndipo makubaliano ya kukiri yana maana, yaani unakiri na mwendesha mashtaka naye anakulegezea shtaka au adhabu. Kenya iliyaweka kwenye sheria 2008, Tanzania 2019. England na Wales, anayekiri mwanzoni kabisa hupunguziwa theluthi ya adhabu. Akingoja mpaka siku ya kusikilizwa, anabaki na sehemu ya kumi. Makubaliano yenu yawe kwa maandishi. Hakimu atakuuliza kama umekubali kwa hiari. Kama ulitishwa, sema hapo hapo.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, nilikopa nikachelewa kulipa. Mdai kanifungulia kesi ya utapeli. Askari anasema nilipe tuifunge.
Jibu: Pole ndugu. Deni ni kesi ya madai, labda uwe ulidanganya tangu mwanzo. Kumtia mtu mahabusu ili alipe deni ndiko kubambikiana kesi kwenyewe. Usimpe askari hela mkononi. Kusanya mkataba, meseji na risiti za ulichokwisha kulipa, kisha rudi hatua ya 3.

Swali: Kesi inapigwa kalenda tu, niko ndani. Nikikiri natoka. Nikiri?
Jibu: Kosa ambalo hukulitenda, hapana. Utatoka na doa litakalokufuata kila unapoomba kazi. Pigania dhamana, ukinyimwa, omba mahakama ya juu. Na kila kesi ikiahirishwa, andika tarehe na sababu iliyotolewa.

Swali: Dada yangu ameshakiri bila kuelewa alichosomewa.
Jibu: Kama hajapewa adhabu, mahakama inaweza kumruhusu abadili. Ombi liende leo.