Msitu husomwa ukiwa umepiga magoti

Mara ya kwanza nilipowapeleka wanafunzi msituni, niliwapa daftari nikawaambia waandike kila watakachokiona. Tukatembea saa mbili nzima. Jioni nilipokaa kusahihisha, nilikuta wote wameandika yale yale: miti mirefu, ndege, kivuli, hewa safi. Mambo ambayo mtu angeyaandika akiwa dawatini, hata bila kuvaa viatu.

Aliyeniokoa ni binti mmoja aliyebaki nyuma akifunga kamba za kiatu. Nilimkuta amechuchumaa kando ya gogo lililooza, anafukua majani kwa kijiti. Akaniuliza, "Mwalimu, majani yanaanguka kila siku, miaka nenda miaka rudi. Mbona hayajatufunika?"

Tangu siku hiyo sipeleki darasa kutembea msituni. Tunakwenda kukaa. Kila kundi la watu wanne linapewa mita moja ya mraba, na kazi yote inafanyika hapo, magoti chini. Nawe unaweza kuifanya na wenzako katika msitu wowote mnaoruhusiwa kuingia, uwe wa ukanda wa joto au wa nchi za baridi.

Vya kubeba ni vichache: vijiti vinne, kamba inayozidi mita nne kidogo, rula, futikamba, kijiko kikubwa, karatasi nyeupe, kioo cha kukuzia, mfuko wa kitambaa, kopo la bati lililotobolewa pande zote mbili likabaki kama bomba, maji ya lita moja, na saa. Viatu viwe vya kufunika mguu wote. Mkono usiingie mahali ambapo jicho halijafika. Ukitaka kutazama chini ya gogo, livingirishe kuja upande wako, ili aliyelala humo akitoka aelekee upande wa pili. Kisha lirudishe lilivyokuwa. Ni paa la nyumba ya mtu. Na mtu mzima ajue mlipo.

Mahali pa kuweka mraba msipachague kwa macho. Kundi likiachiwa huru litakimbilia penye uyoga mzuri, na mkilinganisha makundi mtadhani msitu mzima umejaa uyoga. Mmoja wenu ageuke, arushe kijiti juu ya bega lake bila kutazama. Kinapoangukia ndipo pa kuanzia, hata kama ni mahali pa kuchosha. Simikeni vijiti vinne, zungusheni kamba, na msikanyage ndani.

Sasa fukueni kona moja, tabaka kwa tabaka. Juu kabisa mtakuta majani makavu ambayo bado ni mazima; unaweza kutaja mti yaliyotoka. Chini yake yapo yaliyotoboka, mengine yamebaki mishipa mitupu kama wavu. Shukeni zaidi na majani hayatambuliki tena: ni mboji nyeusi, laini, inayomeguka vidoleni na kunukia kama ardhi iliyonyeshewa. Ndipo udongo wenyewe unaanza. Pimeni kila tabaka kwa rula na mchore, kwa kuwa mchoro huo mnaousoma kutoka juu kwenda chini ni kalenda ya jani moja kuanzia lilipoanguka.

Kabla hamjaendelea, fanyeni jambo moja polepole. Shika jani lililo nusu bichi nusu bovu, ulinyanyue kwa ncha za vidole. Mara nyingi litagoma. Limeshonwa kwenye jani la chini yake kwa nyuzi nyeupe nyembamba kuliko uzi wa buibui, na ukivuta utaziona zikinyooka kabla ya kukatika. Hiyo ni kuvu. Uyoga tunaoujua ni tunda lake tu. Mwili wake ni hizo nyuzi. Mbao imekazwa na lignini, kitu kigumu ambacho viumbe wengi hawana namna ya kukimeng'enya, na mabingwa wa kukivunja ni kuvu. Bila wao magogo yangerundikana. Aina nyingine za kuvu hufanya ushirika na mizizi iliyo hai: zinauletea mti maji na fosforasi, nao mti unazilipa kwa sukari. Ushirika huo ulipewa jina la mikoriza mwaka 1885 na mwanabotania Mjerumani, Albert Bernhard Frank. Mimi nilifundisha neno hilo miaka kadhaa kabla sijaziona nyuzi zinazohusika, na nakiri nilikuwa nalifundisha vibaya.

Unene wa matabaka hutegemea mlipo. Katika misitu ya kaskazini yenye baridi, majani huoza taratibu na zulia lake huweza kuwa nene kweli kweli. Katika msitu wa mvua wa tropiki huanguka majani mengi zaidi, lakini joto na unyevu huyamaliza haraka, na mara nyingi mtagusa udongo kabla rula haijazama sana. Ndiyo maana udongo wa misitu mingi ya tropiki ni maskini kuliko watu wanavyodhani. Utajiri wake haukai ardhini, unazunguka: jani linaanguka, linaoza, mizizi inanyonya, linaota jipya. Mtu akikata na kuchoma, majivu yatampa mavuno kwa misimu michache, kisha ardhi inachoka kwa sababu gurudumu limevunjwa.

Wakazi wa mraba wenu mtawapata kwa njia mbili. Wakubwa mtawaona kwa macho mkimwaga kijiko kimoja kimoja cha majani kwenye karatasi nyeupe: jongoo, tandu, nyungunyungu, konokono, buibui, sisimizi. Andikeni idadi, na pembeni mwandike kila mmoja anakula nini. Jongoo anatafuna majani yaliyokufa. Tandu anamla anayetafuna majani. Ukihesabu miguu huwezi kuwachanganya: tandu ana jozi moja kwa kila pingili, jongoo ana mbili karibu mwili mzima. Tandu asishikwe kwa mkono, huyo anauma.

Wadogo ndio wengi zaidi, na hao hupatikana kwa hila. Jazeni majani na mboji kwenye mfuko wa kitambaa mrudi nayo. Kateni chupa ya plastiki sehemu ya juu, mwigeuze iwe faneli, mweke kipande cha wavu ndani yake, kisha majani juu ya wavu. Chini ya faneli wekeni gilasi yenye karatasi ya shashi iliyoloweshwa, na muifunike pembeni iwe giza. Juu ning'inizeni balbu, umbali wa sentimita kumi au zaidi kutoka kwenye majani, isiguse chochote. Viumbe hawa wanakimbia joto na ukavu. Majani yanapokauka kutoka juu wanashuka, wanashuka, mpaka wanatumbukia kwenye gilasi. Mtaalamu wa wadudu wa Italia, Antonio Berlese, alitumia faneli iliyopashwa kwa maji ya moto mwaka 1905, na Albert Tullgren wa Sweden akaleta balbu mwaka 1918.

Nikuonye kuhusu balbu. Mwaka mmoja niliandaa faneli sita usiku, nikajisifu, na baada ya siku mbili gilasi zilikuwa karibu tupu. Nikalaumu msitu, nikalaumu msimu. Kumbe nilikuwa nimefunga balbu za LED, ambazo hutoa mwanga mwingi na joto kidogo mno. Majani hayakukauka, na wenyewe hawakuwa na sababu ya kuhama. Tafuta balbu ya zamani ya waya, wati 25 inatosha, na usiiache ikiwaka bila mtu wa kuiangalia. Usiku izime, kesho uendelee.

Itazame gilasi kwa kioo cha kukuzia. Utaona utitiri wa mviringo, wa kahawia unaong'aa, ukitembea kama kijitone cha nta kilichoota miguu. Utaona pia vidudu vyeupe vyembamba vinavyoruka ghafla ukivisogelea: vina kijiuma kilichokunjwa chini ya tumbo, kikifyatuka kinavirusha hewani. Wanafunzi hupiga kelele hapa kila mwaka. Wengi wa hao hula kuvu na mabaki. Mkimaliza kuhesabu, rudisheni wote mlipowatoa.

Sasa choreni mtandao wa chakula kwa wale mliowahesabu wenyewe, msinakili wa kitabuni. Kwenye kitabu mambo huanza na majani mabichi, anakuja mnyama wa kuyala, anakuja wa kumla huyo. Si uongo, lakini msituni hiyo ni njia ya pembeni. Sehemu kubwa ya kinachotengenezwa na miti hailiwi ikiwa hai. Inaanguka na kuliwa ikiwa imekufa. Barabara kuu inapita hapo mlipopiga magoti. Hilo ndilo jibu la yule binti, na ndiyo maana ya mfumo ikolojia, neno la kitaalamu lililoletwa na Mwingereza Arthur Tansley mwaka 1935: viumbe pamoja na udongo, maji, hewa na mwanga, vikihesabiwa kama kitu kimoja.

Hapa huwa natoa dukuduku langu. Mtasikia kwamba msitu wa Amazon ni mapafu ya dunia na hutupatia asilimia 20 ya oksijeni tunayovuta. Msiandike hivyo kwenye ripoti. Msitu uliokomaa hutoa oksijeni nyingi mchana, lakini karibu yote hutumika humo humo: miti yenyewe inapumua, na umati huu mliouhesabu unapumua ukiozesha. Oksijeni ya angani ilijikusanya kwa mamilioni ya miaka. Msitu una sababu bora zaidi za kulindwa, na mbili mnaweza kuzipima leo.

Ya kwanza ni maji. Simikeni kopo lenu ndani ya mraba, lizame kama sentimita tatu, mwagieni nusu lita, mbonyeze saa. Kisha fanyeni vivyo hivyo kwenye njia iliyokanyagwa na watu. Sitawaambia mtapata dakika ngapi, lakini sisi mara ya mwisho pale njiani tulikaa, tukala, tukakunja vitambaa, na maji yalikuwa bado yanatutazama ndani ya kopo. Udongo wa msitu umejaa matundu ya mizizi na nyungunyungu, na majani yanalipokea tone la mvua lisije likapiga ardhi moja kwa moja. Maji yanazama, kisha yanatoka polepole kwenye vijito hata mvua ikiwa imekoma. Huko Hubbard Brook, New Hampshire, Marekani, wanaikolojia Herbert Bormann, Gene Likens na wenzao walifyeka bonde dogo zima mwishoni mwa 1965 na kuzuia mimea isiote tena. Maji ya kijito yaliongezeka, na nitrati, kirutubisho kilichokuwa kikishikwa na mizizi, ikaoshwa kwa wingi hadi ikavuka kiwango kinachokubalika kwa maji ya kunywa. Gurudumu lile lile, limefunguliwa, linamwagika.

Ya pili ni kaboni. Pimeni mzingo wa mti ulio karibu kwa futikamba, mita 1.3 kutoka ardhini, mgawanye kwa 3.14 mpate kipenyo. Urefu huo wa kupimia hutumiwa na wataalamu wengi duniani. Kisiwani Barro Colorado, Panama, tangu miaka ya 1980 watafiti wamekuwa wakirudia kupima kila mti wenye kipenyo cha kuanzia sentimita 1 katika hekta 50. Sasa jiulizeni mbao hiyo yote imetoka wapi. Mwanasayansi wa zamani, Jan Baptist van Helmont, alipanda mche ndani ya kilo 90 hivi za udongo akaumwagilia maji kwa miaka mitano. Mti ukaongezeka kilo zaidi ya 70, udongo ukapungua gramu 57 tu. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1648, na yeye aliamini mti umetokana na maji peke yake. Hakujua kwamba majani hula hewa. Kwa usanisinuru mti hutwaa hewa ya ukaa na kuigeuza sukari, kisha mbao. Nusu hivi ya uzito wa mbao kavu ni kaboni. Kila kilo ya mbao hiyo imevuta angani takriban kilo 1.8 za hewa ya ukaa. Kuoza huirudisha kwa miaka mingi. Moto huirudisha kwa alasiri moja.

Mkipata nafasi, rudieni kila kitu kwenye shamba la miti ya aina moja iliyopandwa kwa mistari. Kwa hesabu za mwaka 2020 za FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, misitu inafunika asilimia 31 ya nchi kavu, na asilimia 7 ya misitu hiyo ni ya kupandwa. Kwa mbali yote ni kijani. Linganisheni gilasi zenu.

Jaribio la mwisho huchukua miezi mitatu. Kausheni majani, mpime gramu 10, myatie kwenye kifuko cha wavu wa nailoni, mkifukie chini ya majani mengine. Fanyeni vifuko kumi: vitano vyenye matundu makubwa ya kupitisha jongoo, vitano vyenye matundu madogo kabisa. Mkivifukua, kausheni na kupima tena, tofauti ya uzito itawaonyesha kazi ya kila kundi la viumbe, wakubwa na wadogo. Ila fungeni utepe wa rangi kali kwenye kijiti juu ya kila kifuko, na mwandike hatua ngapi kutoka mti gani. Mwaka wa kwanza nilijiamini kwamba napajua mahali. Vifuko sita viko huko mpaka leo.