Jinsi ya Kuhesabu Watoto Waliozaliwa na Kinga ya Pepopunda

Ripoti nyingi huhesabu wajawazito waliopata dozi mbili au zaidi za chanjo ya pepopunda katika mimba hiyo hiyo. Hesabu hiyo inavionea vituo vinavyochanja vizuri, maana mama aliyekwisha maliza dozi tano hachomwi tena, na kwenye ripoti anaonekana hana kinga. Mimi napendelea kumuuliza mama siku analeta mtoto kwa penta ya kwanza (chanjo ya mtoto ya magonjwa matano, pepopunda ikiwemo), wiki sita baada ya kujifungua.

Hatua ya 1: Pata historia ya mama

Omba kadi yake ya kliniki, na za mimba za nyuma kama zipo. Akina mama wakumbushwe wodini, kabla hawajaruhusiwa, kwamba siku ya penta waje nazo.

Kadi ikikosekana, usiulize "Umechanjwa mara ngapi?" Utapewa jibu la kukuridhisha tu. Fuata watoto: "Mama, mimba ya huyu mkubwa ulichomwa sindano ya begani? Mara ngapi? Na ya huyu anayemfuata?" Hapo kumbukumbu hurudi.

Hatua ya 2: Amua

Mtoto alizaliwa na kinga ikiwa, kufikia siku ya kuzaliwa, mama alikuwa na:

- dozi 2, ya mwisho ndani ya miaka 3;
- dozi 3, ya mwisho ndani ya miaka 5;
- dozi 4, ya mwisho ndani ya miaka 10;
- dozi 5, wakati wowote.

Angalia na nafasi kati ya dozi: ya pili angalau wiki 4 baada ya ya kwanza, ya tatu miezi 6 baada ya ya pili, ya nne na ya tano mwaka mmoja mmoja. Dozi iliyochomwa chini ya wiki 2 kabla ya kujifungua iache. Mwili wa mama haukupata muda wa kutosha kutengeneza kinga na kuipitisha kwa mtoto kupitia kondo la nyuma.

Chukua mama huyu: dozi mbili mwaka 2016, moja Juni 2019, kisha amejifungua Machi 2023 bila kuchomwa hata moja katika mimba hiyo. Ripoti ya kawaida inampa sifuri. Lakini ana dozi tatu, na ya mwisho haijafikisha miaka mitano. Mtoto ana kinga.

Hatua ya 3: Weka alama, kisha gawanya

Alama moja kwa kila mtoto, siku ya penta ya kwanza tu. Ukirudia kwenye ya pili utamhesabu mara mbili. Wakija watoto 80, wenye kinga wakiwa 62, ni asilimia 77.5.

Asilimia hiyo inawahusu waliofika. Wasioletwa penta mara nyingi mama zao ndio waliokosa kliniki pia, kwa hiyo eneo lenye mahudhurio hafifu litajiona lina kinga kuliko hali halisi. Daima toa asilimia hiyo pamoja na kiwango cha watoto walioletwa penta ya kwanza.

Hatua ya 4: Mama asiye na kinga

Mchanje siku hiyo hiyo chanjo ya pepopunda na dondakoo, umpe tarehe ya kurudi. Alama ya mtoto usiibadilishe: dozi ya leo ni ya mama na mimba zijazo, na huyu wa mkononi anaanza kujengewa kinga yake mwenyewe kwa penta.