Usiishie mlangoni: ninavyokagua hali ya bata mzinga bandani

Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nasimama mlangoni, natazama kundi lote jeupe limenigeukia, naandika "wazima." Bata mzinga ni mdadisi, akiona mtu anamfuata. Kwa hiyo wanaokufikia mlangoni ndio wenye miguu mizima. Siku niliyoufuata ukuta wa nyuma hadi mwisho, nilikuta madume tisa wamelala, maji yako hatua chache tu na hawawezi kuyafikia. Tangu hapo siandiki neno kabla sijatembea banda zima.

Ligawe banda kwa urefu, liwe na njia kadhaa, kila moja ya upana ambao macho yako yanaumudu kulia na kushoto. Tembea polepole. Usipite njia mbili zinazopakana kwa mfululizo, maana ndege uliowasukuma watahamia ya pili na utawahesabu tena. Piga alama kwa kila asiyeinuka hata ukimkaribia, anayechechemea, mwenye kidonda, aliyedumaa, mchafu kupita wenzake, na mzoga. Kisha linganisha na idadi ya kundi: wachechemeao 12 kati ya 4,000 ni 3 kwa kila 1,000. Namba hiyo utaweza kuilinganisha na ya ukaguzi ujao; neno "wachache" halilinganishiki na chochote.

Vidonda vyaandike kwa mahali vilipo. Cha kichwani, au kwenye kile kinyama kinachoning'inia juu ya mdomo, mara nyingi kinatokana na ugomvi. Cha mkiani au mgongoni kinaonyesha kudonoana. Damu huwavuta wengine, na kidonda kidogo cha asubuhi chaweza kuwa kifo jioni, kwa hiyo huyo mtoe hapo hapo, usimalize kwanza njia yako. Halafu tazama mwanga: je, kuna miale mikali inayoangukia sehemu moja? Wana kitu kingine cha kudonoa zaidi ya wenzao?

Sasa miguu, ambako mimi hutumia muda mwingi kuliko kwingine. Kamata ndege kutoka pembe mbalimbali za banda, si walio karibu nawe tu. Usimnyanyue kwa mguu mmoja. Dume mkubwa ana kilo 20 na nyonga yake haikuumbwa kubeba uzito huo akining'inia. Mkumbatie mabawa, msaidizi afute wayo kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu tope lililokauka hufanana sana na kidonda. Vipimo vingi huenda kutoka 0, wayo laini usio na alama, hadi 4, pale weusi wa ngozi iliyokufa unapofunika zaidi ya nusu ya wayo. Wayo ukiwa mbaya, chanzo kikubwa ni maranda ya sakafuni yenye unyevu. Yafumbate mkononi: ukifungua kiganja yakabaki donge, ni mabichi. Anza kutafuta chini ya vinyweo vinavyovuja.

Kwa hewa, chuchumaa hadi kichwa chako kiwe usawa wa kichwa chao, na ufanye hivyo dakika za kwanza, kwani pua huzoea upesi amonia, ile gesi kali itokayo kwenye kinyesi. Ukiwa na kipimo, sehemu 20 kwa milioni ni onyo tosha. Macho yakikuwasha, yao yanawasha usiku na mchana. Wanaohema midomo wazi, mabawa yameachana na mwili, wamezidiwa na joto.

Vifaranga wa siku za kwanza wakague kwa kugusa gole, yaani kifuko cha chakula chini ya shingo: likiwa tupu, hajajua chakula kilipo, na wapo wanaokufa njaa kando ya kilishio kilichojaa.

Kabla hujaondoka, rudi kwa wale wasioinuka uliowaandika. Mwonyeshe mwenye banda mmoja mmoja, mkubaliane nani anatengwa apewe maji na chakula karibu, na nani mateso yake yakatishwe siku hiyo hiyo na mtu anayejua kufanya hivyo haraka.