Madubwana ya Hong Kong na Taiwan: kupata nakala sahihi na kuitazama inavyotakiwa

Usitafute filamu za madubwana za Hong Kong na Taiwan kwa jina la Kiingereza. Wasambazaji wengi walizibatiza upya, na wengine walizikata kabla ya kuzipeleka sokoni. Jina ambalo halibadiliki sana ni la Kichina, kwa hiyo linakili hilo ndipo uanze msako.

中國超人 ni ya Shaw Brothers, studio ya Hong Kong, 1975, mwongozaji Hua Shan, shujaa ni Danny Lee. Kwa Kiingereza inaitwa The Super Inframan, na Marekani ilitoka 1976 kama Infra-Man. 猩猩王 ya 1977, ya Ho Meng-hua, ndiyo The Mighty Peking Man, na ni hiyohiyo iliyowahi kuuzwa kwa jina la Goliathon. Kuna watu wamezinunua zote mbili wakidhani wanaongeza mkusanyiko. 戰神 ("Mungu wa Vita") ni ya Taiwan, 1976, sanamu ya Guan Yu, jemadari wa kale anayeabudiwa na Wachina, inapogeuka jitu na kupambana na wavamizi kutoka angani. Hii ya mwisho inasumbua, kwa sababu herufi hizohizo mbili ni jina la Kichina la mchezo maarufu wa video. Ongeza 1976 kwenye utafutaji. Usipopata kitu, jaribu maandishi ya Kichina yaliyorahisishwa: 中国超人, 战神. 猩猩王 huandikwa vilevile kwa mitindo yote miwili.

Nakala ikishapatikana, toa rula. Shaw Brothers walipiga filamu zao kwa Shawscope, picha pana ambayo upana wake ni takribani mara 2.35 ya kimo chake. Simamisha filamu, pima picha yenyewe bila ukanda mweusi, gawanya upana kwa kimo. Ukipata 2.35 au karibu na hapo, picha ni kamili. Kwenye televisheni ya kisasa yenye kioo cha upana wa sentimita 100, picha kamili itakuwa na kimo cha sentimita 42 au 43, na ukanda mweusi wa karibu sentimita 7 juu na mwingine chini. Ukipata 1.33, angalia watu. Kama wamerefuka na kukonda, picha imebanwa tu, na mpangilio wa televisheni utairudisha. Kama wako kawaida, nakala imekatwa na asilimia 43 ya picha imetupwa. Hiyo hairekebishiki. Katika pambano la Inframan na madubwana wawili utaona shujaa akipigwa na mkono usio na mwenyewe.

Njia ya haraka zaidi ni maandishi ya chini. Nakala nyingi za sinema za Hong Kong zilichapwa Kichina na Kiingereza ndani ya picha yenyewe. Sentensi ikianza katikati ya neno na kuishia hewani, picha imekatwa pande zote mbili.

Muda nao unadanganya. DVD za Ulaya za PAL, mfumo wa televisheni wa huko, huendesha fremu 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo filamu ya dakika 90 huisha baada ya dakika 86 na nusu hivi bila kupoteza hata fremu moja. Upungufu wa asilimia 4 usikutishe. Ukizidi hapo, kuna mkasi umepita.

DVD hugawanywa kwa kanda za dunia, na za Hong Kong na Taiwan ni za kanda ya 3, kwa hiyo hakikisha mashine yako inazikubali. VCD, diski za video za kabla ya DVD, hazina kanda, ila ubora wake ni hafifu na filamu ya saa moja na nusu huja kwenye diski mbili. VCD nyingi za Hong Kong zimeweka lugha moja kwenye spika ya kushoto na nyingine ya kulia. Ukisikia watu wawili wakisema kwa pamoja, diski haijaharibika: chagua sauti ya upande mmoja tu.

Chagua sauti ya Kimandarini. Midomo haitalingana na maneno hata hapo, kwa sababu studio za Hong Kong wakati huo zilipiga picha bila sauti na kuingiza maneno baadaye. Sauti ya Kiingereza ya Infra-Man ina raha yake, tena raha kubwa, lakini iwe ya mara ya pili.

Kabla ya kubonyeza cheza, zima kile kipengele cha televisheni kinacholainisha mwendo. Hapa si suala la ladha. Jengo la mfano likidondoka huanguka haraka mno, kwa sababu mvutano wa dunia haujui kwamba nyumba ni ndogo. Fundi huendesha kamera kwa kasi ili kwenye skrini mwendo uonekane wa taratibu na mzito. Hesabu yake ni kipeuo cha pili cha udogo wa jengo: mfano wa 1 kwa 25 unahitaji kasi mara 5, yaani fremu 120 kwa sekunde badala ya 24. Televisheni ikibuni fremu zake katikati, uzito huo hupotea na lile jitu linakuwa mtu anayepiga teke maboksi.

Jaribu jicho lako kwenye mwisho wa The Mighty Peking Man, sokwe anapopanda jengo la Connaught Centre, lile la madirisha ya duara ambalo sasa linaitwa Jardine House. Usimtazame sokwe. Tazama moto na maji. Saruji na vioo hutengenezwa kwa ukubwa wowote, lakini mwali wa moto na tone la maji havikubali kupunguzwa. Mwali ukiwa mpana kuliko dirisha, umeshajua ukubwa wa mfano. Kazi hiyo ya mifano iliongozwa na Sadamasa Arikawa, aliyekuwa mpiga picha wa Eiji Tsuburaya, bingwa wa madubwana wa studio ya Toho ya Japani. Kwenye Inframan, mpiga picha anayeandikwa He Lanshan ni Mjapani Tadashi Nishimoto. Majina ya Kichina kwenye orodha ya wasanii yanaficha Wajapani wengi, basi usihesabu mchango wa Japani kwa kusoma majina.

Uhesabu kwa hadithi. Shujaa anayepasuliwa na kuundwa upya kwa mitambo, akipigana na askari wenye barakoa, ametoka kwa Kamen Rider, kipindi cha televisheni cha Japani cha 1971. Anayekua hadi kimo cha majengo ametoka kwa Ultraman, kipindi kingine cha Japani, cha 1966. Inframan hufanya yote mawili: mwanasayansi anamuunda, na anapokutana na dubwana la buibui anakua naye.

Filamu za Taiwan za 閃電騎士 ("Shujaa wa Radi"), za katikati ya miaka ya 1970, zinahitaji uangalifu zaidi, maana sehemu kubwa ya mapambano ni picha za Kamen Rider zilizonunuliwa Japani na kuungwa na waigizaji wa Taiwan. Kiungo kinaonekana. Tafuta fremu moja yenye uso wa mwigizaji na dubwana kwa pamoja: hiyo imepigwa Taiwan. Pale ambapo uso na barakoa havikai kamwe pamoja, linganisha upande wa vivuli, rangi ya nyasi, na glavu na buti za shujaa kabla na baada ya mkato. Vivuli vikihama na nyasi zikibadilika rangi ndani ya sekunde moja, umevuka bahari.

Kwa anayeanza, mpangilio mzuri ni Inframan, kisha Peking Man, kisha 戰神. 閃電騎士 ziache hadi uwe umeona vipindi kadhaa vya Kamen Rider yenyewe, la sivyo hutajua ni wapi pameshonwa.