Somo: Kufufua nguo za kipupwe kabla ya kununua jaketi jipya

Mei ikielekea ukingoni, asubuhi za Njombe na Makete huanza kuuma, Limuru ukungu unashuka mpaka barabarani, na watu wa Nairobi wanakumbuka kwamba wana masweta. Hapo ndipo mbio za mitumbani huanza. Kabla hujafunga safari ya sokoni, toa kwanza ulicho nacho. Nguo ya baridi ya zamani mara nyingi haijaisha. Imechoka shingoni, kwenye viwiko na mahali pa kufungia tu. Tazama pia jambo hili: baridi huingilia shingoni, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni, na jicho la anayekutazama hutua palepale. Kwa hiyo mtandio, mshipi na vifungo si urembo wa kuongeza muda ukibaki. Ndivyo vinavyoziba upepo, na ndivyo vinavyolibadilisha koti la miaka 8.

Andaa: mabeseni 2, mataulo makubwa makavu 2, shampuu ya kawaida ya nywele, siki nyeupe, wembe mpya, sindano ya tundu kubwa na ya kawaida, uzi wa kufumia unaokaribiana rangi na sweta lako, koleo dogo, kipande cha mshumaa, futi ya fundi, yadi 1 ya kitenge na nusu mita ya flizi (kitambaa laini chenye manyoya mafupi, ile inayouzwa kwa upana wa sentimita 150).

Hatua ya 1: Toa zote, mchana, karibu na dirisha

Vaa kila moja juu ya nguo utakayovaa ndani. Koti lililokutosha juu ya fulana linaweza kubana juu ya sweta. Nyoosha mikono mbele kama umeshika usukani; mgongo ukivuta, koti hilo ni la juu ya shati, usililazimishe.

Kisha inua kila sweta lielekee mwanga. Tundu moja kubwa kwenye kiwiko ni uchakavu. Matundu madogo mengi yaliyotawanyika ni kazi ya nondo, na hapo kushona hakutoshi: kama kuna yai au funza aliyebaki, atakula hata kiraka chako. Nguo ya namna hiyo itenge na nyingine mara moja.

Jaketi la ngozi bandia lililoanza kuambuka vigamba, liage. Ule utando wa juu umeoza kwa unyevu na umri, na hakuna mafuta wala rangi ya viatu itakayourudisha. Chomoa zipu na vifungo, vitakufaa.

Hatua ya 2: Jua ni kitambaa gani

Nguo nyingi za mtumba zimekatwa lebo. Chomoa uzi wa sentimita 3 kwenye mshono wa ndani, ushike kwa kibano juu ya beseni la maji, uwashe. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, moto wake huzimika wenyewe, na majivu husagika vidoleni. Akriliki huwaka kwa kasi, huyeyuka na kuacha kidonge cheusi kigumu. Pamba hunuka karatasi. Uzi uliochanganywa huonyesha dalili mbili kwa pamoja. Ufue kama sufu, hutakosea.

Hatua ya 3: Kufua (hapa ndipo masweta mengi hufia)

Uzi wa sufu una magamba madogo kama ya samaki. Maji ya moto pamoja na msuguano huyafungua na kuyashikanisha, na yakishashikana hayaachani. Ndiyo maana sweta huingia beseni la mama likatoka la mtoto. Fanya hivi:

1. Pima sweta likiwa kavu: upana wa kifua, urefu wa mgongo, urefu wa mkono. Andika.
2. Weka lita 10 za maji yasiyozidi nyuzi 30. Ukitia mkono usihisi joto wala baridi. Koroga kijiko 1 cha chakula cha shampuu.
3. Geuza sweta ndani nje, lizamishe, libonyeze taratibu. Liache dakika 10. Usisugue, hata kola.
4. Suuza mara 2 kwa maji ya joto lilelile. Kuhama ghafla kutoka uvuguvugu hadi maji ya bomba ya Julai kunaweza kulisinyaza. Suuzo la mwisho litie vijiko 2 vya siki kuondoa mabaki ya sabuni. Harufu yake huisha likikauka.
5. Usikamue. Litandaze juu ya taulo, viringisha vyote kama mkeka, kanyaga kwa miguu mitupu. Rudia kwa taulo la pili.
6. Litandaze bapa kivulini, ulivute polepole lirudi kwenye vile vipimo. Ukilianika kwenye kamba, uzito wa maji utarefusha mikono mpaka magotini.

Sabuni ya mche, inayosifika kwa kanzu nyeupe, ni kali mno kwa sufu. Magadi vivyo hivyo. Dawa ya kung'arisha yenye klorini ndiyo mbaya kuliko zote: huyeyusha sufu yenyewe.

Akriliki haina makuu majini, lakini pasi ya moto huilegeza moja kwa moja, ikabaki inaning'inia. Ikauke tu, usiipige pasi.

Hatua ya 4: Vinundu

Vile vidonge vya nyuzi kwapani na ubavuni ndivyo vinavyolizeesha sweta. Livute liwe bapa juu ya meza, laza wembe karibu usawa na kitambaa, pitisha kwa mwelekeo mmoja bila kukandamiza. Wembe ukisimama wima utakata uzi wenyewe. Kwa sweta jembamba tumia mkasi mdogo, kinundu kimoja kimoja. Ni kazi ya kuchosha, washa redio.

Hatua ya 5: Viwiko na matundu

Tundu lisilozidi sentimita 2 lifumie. Ingiza balbu ya zamani au chungwa ndani ya mkono wa sweta ili tundu litandazike. Anza sentimita 1 nje ya tundu, piga mistari ya wima iliyokaribiana, kisha pita kwa mlalo, juu ya mmoja na chini ya unaofuata, kama unasuka ukili. Usivute uzi, ukivuta, pataota uvimbe.

Kubwa kuliko hapo, tia kiraka, tena viwiko vyote viwili ili kionekane ni mtindo. Kata umbo la yai, sentimita 10 kwa 14. Vaa nguo, kunja mkono, tia alama ya chaki kwenye ncha ya kiwiko. Ukipima mkono ukiwa umenyooka kiraka hakitakaa penye kiwiko. Pima kutoka pindo la mkono ili pande zilingane, na ingiza gazeti lililokunjwa ndani ya mkono usije ukashona tabaka zote mbili pamoja.

Kiraka cha kitenge hukaa vizuri kwenye koti la kitambaa kilichofumwa kwa mtande. Kwenye sweta hukunjamana, kwa sababu sweta linavutika na kitenge hakivutiki. Sweta litie kiraka cha sweta. Na kitenge kifuliwe kwanza mara 1: pamba mpya husinyaa, na kiraka kikisinyaa baadaye kitakunja mkono wote.

Hatua ya 6: Zipu na vifungo

Zipu inayofunguka nyuma ya kichwa baada ya kupandishwa kwa kawaida haijafa. Taya za kichwa zimepanuka tu, hazibani meno. Shusha kichwa hadi chini, kisha kwa koleo bana kidogo taya ya kushoto na ya kulia upande wa nyuma, pale meno yanapotokea yakiwa yameshikana. Jaribu, bana tena kidogo. Ukibana kwa nguvu mara moja kitapasuka au kitakwama. Halafu paka meno mshumaa.

Kikishindikana, badilisha kichwa peke yake. Nyuma ya vichwa vingi kuna namba: 3 kwa nguo nyepesi, 5 kwa majaketi mengi, 8 na 10 kwa makoti mazito. Kariri namba na aina ya meno (chuma, plastiki, au uzi wa nailoni uliojikunja), maana namba 5 ya chuma haiingii kwenye namba 5 ya nailoni.

Vifungo vipya ndiyo mabadiliko ya bei ndogo kuliko yote. Tundu la kifungo liwe sawa na upana wa kifungo ukijumlisha unene wake: kifungo cha milimita 23 chenye unene wa 3 kinataka tundu la 26. Wakati wa kushona laza njiti ya kiberiti juu ya kifungo, uzi upite juu yake. Ichomoe, zungusha uzi mara 5 chini ya kifungo, ndipo ufunge fundo. Bila hicho kishina, kitambaa kinene cha koti hukunjamana ukifunga.

Hatua ya 7: Shingo

Mtandio wa duara wa kitenge na flizi: kata vipande 2 vya kitenge, sentimita 35 kwa 76 kila kimoja, viunge kwa upana upate 150. Kata flizi 35 kwa 150. Weka uso kwa uso, shona pande ndefu mbili ukiacha sentimita 1, geuza kama mfuko wa mto, kisha unganisha ncha upate duara. Unazungushwa mara mbili shingoni: kitenge nje, flizi kwenye ngozi.

Asiyetaka kushona atumie kanga. Ikunje pembetatu, pembe iangukie kifuani, ncha mbili zipite kisogoni zirudi mbele chini ya pembe. Jina la kanga litatokea kifuani, kwa hiyo lisome kabla hujaenda nalo kazini.

Hatua ya 8: Kupanga

Nairobi Julai, asubuhi ni nyuzi 10 hadi 12, mchana 21 au 22. Kabuti moja nene litakutesa saa saba. Tabaka tatu nyembamba hushika hewa katikati, na hewa hiyo ndiyo inayotunza joto: fulana ya kubana, shati au gauni, sweta jepesi, kisha koti la kukinga upepo na manyunyu. Gauni la kiangazi lisilo na mikono lirudi kazini juu ya sweta la shingo ndefu na taiti. Mshipi wa sentimita 3 hadi 4 juu ya sweta la vifungo huziba kiuno na kulipa umbo. Rangi ya mtandio irudie mahali pamoja tu, kwenye mzula au vifungo. Ikirudi mara nne inakuwa sare ya harusi.

Maswali ya wanachama

*Limuru: Sweta langu la sufu limeshasinyaa. Kuna dawa?*

Kama limepungua kidogo na bado unaona mistari ya kufuma, loweka nusu saa kwenye lita 5 za maji vuguvugu yenye vijiko 2 vya chakula vya kilainisha nywele, kamua kwa taulo, vuta polepole na ulibane kwa pini juu ya taulo hadi likauke. Kama limeganda kama blanketi, halirudi. Usilitupe: sufu iliyoganda haichomoki nyuzi ukiikata, ndiyo kiraka bora cha viwiko. Kifua kinatoa mzula, mikono inatoa soksi za kuvaa ndani ya buti.

*Lushoto: Mama mkwe ametupatia sanduku lenye vile vidonge vyeupe vya nafthalini. Nguo za mtoto zikae humo?*

Hapana, dada. Mvuke wa nafthalini unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali isiyo adimu kwenye maeneo ya malaria, na wengi hawajui kama wanao. Mwambie mama kwa heshima, vitoe, nguo zifuliwe na kupigwa hewa mpaka harufu iishe. Dhidi ya nondo, hifadhi nguo zikiwa safi na kavu kabisa kwenye mfuko uliofungwa, maana funza hupenda jasho na mabaki ya chakula. Zilizokwisha shambuliwa, zifunge kwenye plastiki na uziweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 3 au zaidi, kisha zikung'ute nje.

*Tukuyu: Koti langu la ngozi halisi limeota ukungu mweupe. Nipake mafuta?*

Usipake kwanza, mafuta yatafungia ukungu ndani. Lipeleke nje, kung'uta kwa brashi kavu. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, kamua, futa. Jaribu kwanza ndani ya kola kama rangi haitoki. Likauke kivulini siku 2, ndipo upake mafuta ya ngozi kidogo. Ning'iniza kwa henga nene mbali na ukuta. Mfuko wa nailoni hulirudishia ukungu.

*Nairobi: Fundi anasema zipu yote itolewe.*

Kama meno yameng'oka katikati au kitambaa cha zipu kimechanika, yuko sahihi, mlipe. Kama meno yote yapo, mwombe ajaribu kichwa kwanza.

*Arusha: Kanga mpya inachuja rangi kwenye koti jeupe. Nimeshatia chumvi.*

Chumvi haifungi rangi iliyokwisha kupakwa, wala siki kwa pamba. Ifue peke yake mpaka maji yatoke meupe, kisha sugua kitambaa cheupe kibichi juu yake. Kikibaki kisafi, ivae na koti. Kikichukua rangi, ivae na nguo nyeusi msimu huu.

*Minneapolis: Huku theluji ikianguka, mtandio huo na shuka la Kimasai vinatosha?*

Shingoni, ndani ya koti, mtandio unatosha. Shuka ni la juu ya sweta ndani ya nyumba. Lakini usianze na fulana ya pamba: ikilowa jasho hukaa na maji na kukugandisha ukisimama kituoni. Vaa sufu nyembamba au poliesta kwenye ngozi, sweta lako la zamani juu yake, na koti la huko nje ya vyote. Na ukinunua buti, nenda dukani ukiwa umevaa soksi zako nene kabisa. Buti likibana, miguu itapoa hata kwa soksi mbili.