Pima udongo kabla ya kuchimba karo

Nimejenga makaro Dar miaka mingi, na kosa lililoniuma ni la Msasani. Nilichimba Septemba, pakavu kabisa. Masika yalipokolea, maji ya chini yakapanda, choo kikarudisha uchafu ndani ya nyumba ya watu. Tangu hapo maji ya chini napima Aprili au Mei: nachimba mita 2 kupita kina cha shimo la kunyonya, lile linalopeleka maji ya karo ardhini. Nikikuta maji, shimo halikai hapo.

Udongo nao: chimba kishimo cha upana wa sentimita 30, loweka usiku kucha. Asubuhi jaza maji sentimita 15, simamisha rula. Yasiposhuka hata sentimita 1 kwa dakika 30, huo ni mfinyanzi, karo litafurika. Mchanga hunywa upesi mno, uchafu hufika kisimani. Weka shimo mita 30 mbali nacho, hata kama ni cha jirani.